Kidole cha Mjomba kwenye Kola

Jumatatu, 7 Aprili
Asubuhi mawingu ya kijivu na upepo wa baridi, mvua haijaamua. Nimefika karakana saa moja na dakika kumi. Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya masomo, lakini kurasa za nyuma nitaandika mambo yangu.

Tajiri aliniita ofisini kabla sijavua koti. Ni mwanamke wa makamo, mwenye karakana hii ya kushona. Sote kumi na watatu tunamwita Tajiri hata mbele yake, naye huitika. Tumepata oda ya hospitali: magauni mia tatu na sitini ya wauguzi, ya buluu, kola nyeupe ya pamba. Yanatakiwa Ijumaa, tarehe 30 Mei, kabla jengo lao jipya halijafunguliwa.

“Tukiikosa hii nafunga chumba cha kushona, nabaki kuuza vitambaa,” alisema. “Sikutishi. Nakuarifu.”

Kisha akanipa karatasi ya kozi ya jioni, kila Jumanne, masomo manane, kuhusu uchumi wa kampuni na mashirika. Ameshalipa. Anataka mtu wa ndani anayejua kupima kazi. Mimi ni msimamizi wa chumba na nilimaliza sekondari, basi imeniangukia.

Mjomba alisikia habari kabla sijafika mlangoni. “Mpwa wangu, wakikufundisha utajiri usimsahau aliyekufundisha kutunga uzi.” Yeye ni kaka wa mama, mkataji wetu kwa miaka ishirini na sita. Baba alipofariki ndiye aliyenilipia shule, na ndiye aliyeniingiza hapa.

Jumanne, 8 Aprili
Mvua tangu saa nane mchana. Somo la kwanza. Mwalimu ni mrefu, mwembamba, anafuta ubao kwa mkono wa shati. Alianza na swali: “Kwa nini kampuni ipo? Leo unaweza kumkodi mkataji sokoni, kesho mshonaji, keshokutwa mpiga pasi. Kwa nini basi watu wakae chini ya paa moja mwaka mzima, mmoja aamue na wengine wafuate?”

Muuza mbao anayekaa nyuma alijibu: “Kwa sababu mvua inanyesha.”

Tulicheka. Mwalimu hakucheka. Aliandika jibu lile kwenye kona ya ubao na kusema tutalirudia.

Jumatano, 9 Aprili
Mvua. Majora manne ya pamba nyeupe yamefika. Hakuna jambo jingine.

Jumanne, 15 Aprili
Jua hadi saa sita, kisha radi. Somo la pili: soko nalo lina gharama. Kumtafuta mtu, kupatana naye, kumkagua. Niliandika kurasa tatu. Redio, mshonaji wetu wa cherehani ya kwanza, ambaye hajanyamaza tangu nimjue, anataka kila Jumatano nimsimulie niliyosoma. Leo alisema: “Kumbe kuna watu wanalipwa kueleza kwa nini tunakuja kazini. Mimi ningewaambia bure.”

Jumanne, 22 Aprili
Mawingu bila mvua. Somo la tatu: kutengeneza wenyewe au kununua nje. Mwalimu alichora safu mbili. Upande huu, kazi ikifanyika ndani inakula muda gani na vitu gani. Upande huu, ikinunuliwa nje. Alionya kwamba somo hili lina mkia, mkia wake uko kwenye somo la sita na la saba. Nilirudi nyumbani nikitembea haraka, kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Safu mbili tu. Jinsi inavyokaa vizuri kwenye karatasi.

Alhamisi, 24 Aprili
Mvua nyepesi. Nimeweka saa kwenye trei ya vifungo, isionekane, nikampima Mjomba kutwa nzima. Kola moja, kuchora na kukata: dakika nne na nusu. Anasimama kunywa maji mara sita. Anazungumza na kitambaa.

Jambo jingine. Kila kola anaikata na nyongeza ya upana wa kidole kimoja, zaidi ya kipimo. Washonaji wanaipiga pasi ya mvuke, kisha wanapunguza kilichozidi na kutupa. Kwa oda nzima ni karibu mita sita za pamba nzuri, kapuni. Nilimuuliza kwa nini.

“Ndivyo tunavyokata,” alisema, bila kuinua macho.

Nimeandika: upotevu.

Jumatatu, 28 Aprili
Jua kali. Jumamosi nilikwenda ng’ambo ya mji kwa Mwenye Mashine, bwana anayekata vitambaa kwa umeme, tabaka hamsini kwa mkato mmoja. Kola mia moja kwa dakika ambazo Mjomba anakata tatu. Nimeandika ripoti kurasa mbili, safu mbili, na vipimo vya kola kamili bila kidole. Tajiri aliisoma akiwa amesimama. Alipofika mwisho alikaa.

“Umeandika peke yako?”

“Ndiyo.”

“Hii ndiyo niliyoitaka,” alisema.

Nilipotoka Mjomba alikuwa ananisubiri na kikombe cha chai. Sikuimaliza.

Jumanne, 29 Aprili
Mvua kubwa, darasa nusu tupu. Somo la nne: kulipa kwa siku au kulipa kwa kipande. Tajiri ananiuliza kila somo siku inayofuata, kama mwalimu wa pili. Sasa ni saa saba na nusu usiku.

Jumatano, 30 Aprili
Asubuhi ukungu, mchana mvua.

Tajiri alimwita Mjomba saa tatu. Nilikuwa dirishani nikihesabu vifungo ambavyo nilikwisha kuvihesabu. Alitoka baada ya dakika kumi na mbili. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alivua aproni, akaikunja mara nne kama anavyokunja bitana, akafunga mkasi wake kwenye kipande cha flana. Ule mkasi ni wake, si wa karakana.

Cherehani zilisimama. Hata ya Redio.

Alinijia. “Mpwa wangu,” alisema kwa sauti ya chini, “najua umenipigania. Jumatatu nilikuona unatoka ofisini huna rangi usoni. Usigombane na mtu kwa ajili yangu. Mashine ni mashine.”

Niliinamia vifungo. Nikaanza kuvihesabu upya.

Saa nne Tajiri alisimama mlangoni na kutangaza kwamba kuanzia kesho washonaji watalipwa kwa gauni, si kwa siku. Anayeshona mengi apate mengi. Baadhi walifurahi. Mama Pacha, mwepesi kuliko wote, asiyesema sana, aliuliza swali moja: “Na anayemfundisha mgeni?” Tuna mshonaji mpya wa mwezi mmoja. Tajiri alisema mgeni atajifunza kwa kuona.

Nyumbani mama alikuwa ameshasikia kwa kaka yake mwenyewe. Alikuwa akibamiza milango ya kabati kama imemkosea.

“Miaka ishirini na sita! Kuna mtu humo ndani amemchongea. Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe unakaa naye chumba kimoja, hukusikia ni nani?”

“Sikusikia, mama.”

“Angalau yupo mmoja aliyemtetea. Ameniambia. Amesema, mwanao ni mtu.”

Nimeandika ukurasa huu polepole ili mwandiko usiharibike. Ni saa tisa usiku, bado sijalala.

Jumamosi, 3 Mei
Mvua asubuhi tu. Kola za kwanza zimeletwa kutoka kwa Mwenye Mashine, mia mbili, kwenye boksi. Kingo zimenyooka kama karata mpya. Niliwatangazia washonaji: hizi hazina nyongeza, msipunguze kitu. Wameitikia.

Jumanne, 6 Mei
Mvua. Magauni sabini kwa siku tatu. Zamani tungekuwa na arobaini na tano. Tajiri ameninunulia mwavuli mpya.

Somo la tano. Mwalimu alisema: ukilipa kile unachoweza kukihesabu, utapata kile unachokihesabu, na kile usichokihesabu kitaondoka bila kuaga. Nimeipigia mstari. Ni maneno mazuri, ingawa sioni kilichoondoka kwetu.

Ijumaa, 9 Mei
Mawingu. Nimekiona. Niandike kilichoondoka, kwa mpangilio ninavyokikumbuka.

Cherehani ya tano inalia kwa kukosa mafuta tangu Jumatano. Kila mmoja aliipaka mafuta zamani akipita. Sasa hapiti mtu. Sindano nzuri zimeanza kulala kwenye mikoba. Mgeni amekosea mikono ya gauni mara mbili na anafumua huku analia, hakuna aliyemgeukia. Na chumba kimya. Niliwahi kumwomba Redio anyamaze mara elfu. Leo nilimuuliza kama anaumwa.

“Siumwi,” alisema, mguu ukiendelea kukanyaga. “Maneno hayalipwi kwa kipande.”

Jambo la mwisho. Nilimwona Mama Pacha ameshika kola iliyotoka kwenye pasi, anaitazama muda mrefu. Aliivuta kwa vidole viwili. Kisha akaishona. Nilitaka kuuliza. Nilikuwa na karatasi ya hesabu mkononi nikapita.

Jumatatu, 12 Mei
Mvua usiku kucha, asubuhi maji mlangoni. Magauni mia moja na tisini yamekwisha. Matroni wa hospitali amekuja, mama mfupi, viatu vyeupe ndani ya mifuko ya plastiki kwa sababu ya tope. Amechukua gauni moja kama sampuli. Tajiri alimsindikiza hadi kwenye gari.

Jumanne, 13 Mei
Mvua. Somo la sita. Mwalimu alielekeza kwenye kona ya ubao, akaandika upya jibu la muuza mbao.

“Mkataba unaandika unachokijua,” alisema. “Mvua hauijui. Hakuna mtu mwenye karatasi ndefu ya kutosha kuandika kila kitakachotokea. Sasa swali: pale mkataba ulipoacha wazi, nani ana haki ya kuamua? Sokoni, kila mtu anasimama na karatasi yake. Ndani ya kampuni, watu wamekubaliana mapema kwamba tutaamua tukifika. Ndiyo maana watu wanajenga paa.”

Niliyanakili yote. Muuza mbao alinikonyeza kana kwamba amepata cheo.

Jumatano, 14 Mei
Asubuhi jua, la kwanza baada ya siku tano.

Matroni alirudi saa nne na gauni lile, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri. Hakupandisha sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Aliomba mtu mmoja alivae. Redio alijitokeza.

“Funga kifungo cha juu,” alisema Matroni.

Redio alivuta. Kola ilikuja hadi karibu na tundu ikagoma. Alivuta tena, ikafunga, na ncha zote mbili zikainuka kama masikio ya mbuzi.

“Sasa inama kama unamlisha mgonjwa.”

Redio aliinama. Tukaona shingo yake ikibadilika rangi. “Inanikaba, mama,” alisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

“Muuguzi anainama mara mia kwa siku,” alisema Matroni, akimsaidia kufungua. “Na gauni hili limefuliwa mara moja tu. Tarehe 30 haisogei, wageni wameshaalikwa. Kuna fundi mwingine anasubiri nyuma yenu. Nitarudi siku hiyo na ndoo yangu ya kufulia. Nikiona hivi tena, nakwenda kwake.”

Aliondoka. Tajiri aliingia ofisini na kufunga mlango. Mimi nilibaki na chumba.

Tulichukua kola zilizobaki, tukazipima kabla ya pasi: sawasawa na nilivyoandika, hadi milimita. Tukazipiga pasi ya mvuke, tukazipima tena. Pungufu. Karibu kidole kizima.

“Nilijua,” alisema Mama Pacha. Alisema kama mtu anayetaja saa. “Jora hili linarudi sana, linapungua kwenye mvuke. Lile la mwaka jana lilirudi kidogo. Hizi nilizivuta mpaka zikafika. Sote tumezivuta.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nikisimama kukuambia, gauni nitakalokosa atanilipa nani?” Hakuwa na jeuri. Alikuwa anauliza kweli. “Zamani ningemwambia Mjomba. Ningesema, Mjomba, hili linarudi. Angeongeza. Kidole chake kilikuwa cha kazi hiyo. Anaacha nafasi, tunapiga pasi, kitambaa kinasema kinataka ngapi, tunakata kilichobaki. Wewe hukujua?”

Washonaji kumi na mmoja walinitazama. Nimekaa chumba hiki miaka kumi na minane.

“Sikujua,” nilisema.

Kwenye ripoti yangu neno ni upotevu. Nimelikata kwa mistari miwili. Ni saa kumi alfajiri, na usingizi bado.

Alhamisi, 15 Mei
Mvua. Nilikwenda kwa Mwenye Mashine. Ana meza ya kioo, na chini ya kioo ameweka mikataba yake kama picha za watoto.

“Nilikata mlivyoandika,” alisema, akigonga kioo kwa kalamu. “Huu si mwandiko wako, dada?”

Ulikuwa mwandiko wangu.

Nilimwomba akate upya. Alifungua daftari lake: zamu yetu ni baada ya wiki tatu. Tukitaka kuruka foleni, mara tatu ya bei. Alijua tarehe yetu, nilimwambia mwenyewe siku ile ya kwanza nikijisifu. Nikasema basi safari hii aache nafasi.

“Mashine haijui kidole. Niandikie milimita.”

“Kila jora lina yake.”

“Niandikie ya kila jora.”

“Haijulikani mpaka lipigwe pasi. Ungekuwa karibu, tungekuita uone, uongeze au upunguze.”

Alicheka, si kwa ubaya. “Kumbe mnachotaka ni niwe mfanyakazi wenu.”

Nilirudi kwa miguu ili nipate kuyatafuna maneno hayo.

Ijumaa, 16 Mei
Mawingu. Tajiri amekonda usoni kwa siku mbili. Hakunilaumu, na sikujua nifanye nini na kutolaumiwa huko. “Nenda kwa mjomba wako. Mwambie kila kola nampa mara mbili ya thamani yake. Wewe ni damu yake, na anaamini ulimtetea. Atakuja.”

Kwa hiyo Tajiri naye anajua ninachojua, na anataka nikitumie.

Jumamosi, 17 Mei
Mvua. Sikwenda.

Jumapili, 18 Mei
Asubuhi utulivu, anga jeupe. Nimekwenda saa tatu.

Mjomba amepanga chumba kimoja nyuma ya duka la vyuma. Ametandika mlango wa mbao juu ya mapipa mawili, ndiyo meza yake. Anakata foronya za makochi. Alifurahi kuniona hadi nikatamani kugeuka.

“Karibu mpwa wangu. Kaa pale, usikalie pamba. Mama hajambo? Bado anabamiza milango?”

Nilimweleza kuhusu kola, shingo ya Redio, Matroni na ndoo yake. Alisikiliza akisaga chaki kwenye kucha. Nilipotaja mara mbili ya thamani ya kila kola, aliacha kusaga.

“Kola moja kwa bei gani? Ya jora lipi? Nikikata ndogo nikawahi, faida ni yangu. Nikikata kubwa nikachelewa, ni hasara yangu. Basi na mimi nitaanza kukata kama yule wa mashine. Mwambie Tajiri asante.” Kisha akatabasamu. “Lakini kwa ajili yako naweza kufikiri. Ulisimama na mimi.”

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kunyamaza. Magauni yangepatikana, chumba kingebaki wazi, mama angeendelea kunisifu. Safu ile ilikuwa ndefu. Kwenye safu nyingine palikuwa na kitu kimoja tu.

“Mjomba, ile ripoti niliandika mimi.”

Hakuelewa. Nilirudia. Nilimwambia kuhusu saa kwenye trei ya vifungo, maji mara sita, neno upotevu. Nilimwambia kwamba hakuna aliyenilazimisha.

Kwenye duka la vyuma mtu alikuwa ananyoosha bati, pigo moja, kimya, pigo moja.

“Dakika ngapi?” aliuliza.

“Nne na nusu.”

“Umehesabu na ile ya kuzungumza na kitambaa?”

“Nimehesabu.”

Alitikisa kichwa kana kwamba anakubali hesabu. “Uliniuliza kuhusu kidole, nikasema ndivyo tunavyokata. Hapo nilikosea mimi. Ungeuliza mara ya pili ningekuonyesha. Hukuuliza.” Aliinua mkasi, akautazama, akauweka. “Nenda nyumbani. Na mama yako utamwambia wewe mwenyewe. Sitaki alisikie kwangu.”

“Utakuja?”

“Nimesema nenda nyumbani.”

Sikumwambia mama. Alinipakulia chakula akiniita mwanangu, na nilikila chote.

Jumatatu, 19 Mei
Mvua tangu alfajiri. Zimebaki siku kumi na moja.

Saa moja kamili Mjomba alikuwa mlangoni na flana yake kwapani, maji yanamtiririka. Hakuvua kofia. Alizungumza na Tajiri mbele yetu sote.

“Nitarudi kwa mshahara wa mwezi kama zamani, au sirudi. Hawa walipwe kwa siku. Na yeyote akiona kasoro, asimamishe chumba kizima, asikatwe kitu.”

“Nitaandika,” alisema Tajiri, akitafuta kalamu.

“Utaandika nini? Hujui watakachokiona.”

Tajiri alisimama na kalamu hewani. Alitutazama mmoja mmoja, kumi na wawili. Kisha akairudisha mfukoni. “Sawa,” alisema.

Mjomba alipita karibu yangu kwenda mezani. “Msimamizi,” alisema, “saa yako iache kwenye mkoba. Utakata na mimi.”

Msimamizi. Tangu nizaliwe hajawahi kuniita hivyo.

Jumanne, 20 Mei
Mvua. Sikwenda darasani. Somo la saba nimeazima kwa muuza mbao: linahusu mtu anayejua huna pa kwenda na anavyokupandishia bei. Hilo nilikwisha kulisoma kwenye meza ya kioo.

Tunafumua kola mia moja na tisini. Redio ameanza kuongea. Amewasimulia wote jinsi alivyokabwa, na kila akisimulia anakaribia zaidi kufa.

Alhamisi, 22 Mei
Mvua. Kola tisini na nne. Mjomba haniambii neno lisilo la kazi. “Msimamizi, shika pembe.” “Msimamizi, vuta.” Ananifanya nifumbe macho nipapase kitambaa kabla na baada ya pasi, niseme kimerudi kiasi gani. Nakosea. Ananifanya tena.

Ijumaa, 23 Mei
Mvua na umeme kukatika saa mbili nzima. Pamba imeisha. Majora mawili mapya yameletwa, na ni ya rangi ileile, muuzaji yuleyule. Mama Pacha alipiga pasi kola ya kwanza, akasimama, akainua mkono. Chumba kizima kikasimama. Cherehani kumi na moja kimya kwa mara moja.

“Hili halirudi sana,” alisema. “Nusu kidole tu.”

Mjomba alinisukumia kitambaa. Nilifumba macho. “Nusu,” nilisema. “Pungufu kidogo ya nusu.”

Alichora chaki pale niliposema.

Jumapili, 25 Mei
Tumefanya kazi. Jua. Mgongo.

Jumanne, 27 Mei
Mvua nyepesi. Nimekwenda somo la mwisho, nikachelewa, chaki kwenye nywele. Mwalimu aliuliza upya swali la siku ya kwanza: kwa nini kampuni ipo. Zamu yangu ilipofika nilisema: “Kwa sababu kitambaa hakijapigwa pasi.” Mwalimu alinitazama. Muuza mbao alisema kwa sauti, “Ndiyo hiyohiyo mvua,” na akaniandikia kwenye karatasi: mbao mbichi nazo hivyohivyo.

Magauni mia mbili na tisini na sita. Mama ananiuliza kwa nini Mjomba haji tena kunywa chai kwetu wakati amerudi kazini. Nimesema kazi nyingi. Kila siku inayopita bila mimi kumwambia inakuwa nzito kuliko ya jana.

Alhamisi, 29 Mei
Mvua. Mia tatu na hamsini na moja. Tumetoka jioni, wengine wataanza mapema kesho.

Ijumaa, 30 Mei
Asubuhi anga safi, barabara bado ina madimbwi. La mwisho limekwisha saa tatu na robo.

Matroni alifika saa nne na ndoo yake, kweli. Alichagua magauni matano mwenyewe, moja kutoka chini kabisa ya rundo. Akayafua hapo hapo uani kwa sabuni yake, akaomba pasi. Tulisimama ukutani kama wanafunzi. Redio alivaa la kwanza bila kuombwa. Alifunga kifungo cha juu, akainama, akainuka, akainama tena, kisha akaanza kuongea huku ameinama, akimuuliza mgonjwa asiyekuwepo amelalaje.

“Inatosha,” alisema Matroni, na kwa mara ya kwanza alicheka. “Anapumua.” Alizungusha vidole viwili ndani ya kola zote tano. Akatia sahihi.

Tajiri aliketi kwenye ngazi ya ofisi, kiganja mdomoni. Baada ya muda alisema kuna oda ya zahanati anafikiria kuiomba. Hakuna aliyeondoka.

Nilikuwa mezani nafagia vipande. Mjomba alikuwa ananoa mkasi. Alinyoosha mkono bila kunitazama.

“Wewe,” alisema. “Nipe hiyo chaki.”

Nilimpa.

Jioni nilimwambia mama. Nilimwambia yote, tangu saa kwenye trei, nikiwa nimesimama, maana nilihisi kukaa ni kujipendelea. Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja hadi zikaisha, kisha akafungua moja na kuikunja upya.

“Na kaka yangu anakuitaje sasa?” aliuliza.

“Alikuwa ananiita Msimamizi. Leo ameniita wewe.”

Mama alifikiri. “Kuitwa wewe si kubaya,” alisema. “Mimi kuna mwaka mzima hakuniita kitu.” Aliingia chumbani kwake na rundo la nguo. Mlango hakuubamiza, wala hakuniita mwanangu.

Mvua imeanza tena. Ni saa mbili na dakika ishirini usiku. Nalala.